Virusi Vipya Vinapoingia: Mwongozo wa Kuilinda Nyumba Katika Wiki za Mwanzo

Mlipuko wa virusi vipya vinavyoshambulia mapafu ukitangazwa, watu wengi hukimbilia mambo matatu: kununua, kusugua na kusambaza habari. Hayo humtuliza mtu moyo kwa sababu anajiona amefanya kitu. Lakini kinga kubwa iko kwingine: katika hewa ya chumba mnachokaa, na katika uamuzi wa mgonjwa kujitenga mapema. Mwaka 2020 familia nyingi zilifuta kwa dawa kila pakiti iliyotoka dukani, kisha zikaketi jioni nzima na wageni katika chumba kilichofungwa madirisha. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa kuanza na zile zinazokinga zaidi, si zile zinazoonekana zaidi.

Usisubiri namba iwe kubwa

Idadi ya wagonjwa inayotangazwa leo inaonyesha maambukizi ya siku zilizopita. Kwa virusi vya korona vya mwanzo, mtu alikaa kwa wastani kama siku 5 kabla ya dalili kuonekana, na wengine hadi siku 14. Ongeza siku za kusitasita, za kupimwa na za kusubiri majibu, utaona kwamba tangazo la leo linaelezea hali ya wiki moja iliyopita au zaidi. Maambukizi yakiongezeka mara mbili kila siku 3, basi katika siku 30 yameongezeka mara 1,024. Ndiyo maana tahadhari inayoonekana ya kupita kiasi katika wiki ya kwanza huwa ndogo mno katika wiki ya nne.

Ushahidi wa jambo hili ni wa zamani. Katika homa ya mafua ya 1918, mji wa Philadelphia nchini Marekani uliacha gwaride kubwa lifanyike tarehe 28 Septemba ingawa wagonjwa walikwisha kuonekana mjini, na mikusanyiko ikafungwa siku chache baadaye, wimbi likiwa limeshapanda. Mji mwingine wa nchi hiyo, St. Louis, ulifunga shule na kumbi siku chache tu baada ya wagonjwa wake wa kwanza kuonekana. Kilele cha vifo St. Louis kilikuwa cha chini sana kuliko cha Philadelphia.

Kwa hiyo kaeni kikao cha nyumbani mapema, kabla hajaugua mtu, mkubaliane mambo manne: nani ana hatari kubwa zaidi (wazee, wajawazito, wenye kisukari, pumu, ugonjwa wa moyo au kinga dhaifu), chumba kipi kitakuwa cha mgonjwa, nani atamuuguza, na nani atatoka kwenda kutafuta mahitaji. Mwuguzi awe mmoja, mwenye afya njema, na si yule mwenye hatari kubwa.

Hatua ya 1: Hewa

Anayepumua, kuongea, kuimba au kukohoa hutoa matone ya ukubwa mbalimbali. Makubwa huanguka karibu naye. Madogo sana huelea kama moshi wa sigara: humfikia aliye karibu yakiwa mazito, husambaa chumba kizima, na hujikusanya iwapo hakuna pa kutokea. Umbali wa mita 1 au 2 unasaidia dhidi ya yale makubwa na dhidi ya moshi mzito wa karibu. Hautoshi katika chumba kilichofungwa kwa saa mbili.

Tarehe 10 Machi 2020, wanakwaya 61 walikutana kwa mazoezi ya saa mbili na nusu katika wilaya ya Skagit, jimbo la Washington, Marekani. Mmoja wao alikuwa na dalili. Baadaye 53 kati yao walihesabiwa kuwa wameugua, wakiwemo 33 waliothibitishwa kwa vipimo, na wawili wakafariki. Watu hao hawakuwa wazembe. Ulikuwa muda mrefu, ndani, kwa pamoja, sauti zikiwa juu.

Fanya hivi:

1. Fungua madirisha ya pande mbili zinazokabiliana, au dirisha na mlango ulio mbali nalo, ili hewa ipite. Dirisha moja lililo wazi pasipo njia ya pili hubadilisha hewa polepole. Ukikosa pande mbili, lifungue dirisha juu na chini ikiwa linaruhusu: hewa ya joto hutokea juu, ya baridi huingilia chini.
2. Feni isielekezwe kwa watu. Iweke dirishani ikitazama nje ili isukume hewa ya ndani itoke. Feni inayozungusha hewa ileile katikati ya chumba kilichofungwa hupeleka pumzi ya mgonjwa kwa kila mtu.
3. Kiyoyozi cha kawaida cha nyumbani hupoza hewa ya humohumo, hakiingizi mpya. Kikitumika, acha dirisha wazi kidogo, hata kama baridi itapungua.
4. Kama mnacho kipimo cha kaboni dioksidi (gesi mnayoitoa mkipumua), nje husoma takribani 420 ppm, yaani sehemu kwa milioni. Ndani ikibaki chini ya 800 hewa inapita vizuri. Ikipanda hadi 1,500, fungueni au tokeni.
5. Mashine ya kuchuja hewa yenye kichujio cha HEPA (kinachonasa chembe ndogo sana) husaidia, mradi uwezo wake ulingane na ukubwa wa chumba na iwe inawashwa mwendo wa juu. Wengi huiweka mwendo wa chini kwa sababu ya kelele, ikawa pambo.

Mazungumzo na wageni yahamishieni nje. Mgeni akifika, sema bila kuzunguka: “Kwa sasa hatupokei wageni ndani, tafadhali tuketi hapa nje.” Heri mgeni akushangae kidogo kuliko umuuguze mzee wako. Kupeana mikono na kukumbatiana kuachwe kwa muda, na lililo muhimu zaidi ni kwamba mwenye mafua au homa asihudhurie chochote, hata awe ndiye mwenye shughuli.

Hatua ya 2: Barakoa inayoshika

Barakoa hushindwa kazi zaidi kwa upenyo wa pembeni kuliko kwa kitambaa chenyewe. Hewa hufuata njia rahisi: ikiona mwanya karibu na pua, itapita hapo na kichujio kitabaki bila kazi.

Iliyo bora ni ya kiwango cha N95 au inayolingana nayo, ambayo huchuja angalau asilimia 95 ya chembe za majaribio zilizo ngumu kunaswa. Siku za mwanzo huwa adimu. Zikipungua, wa kwanza kuzipata ni wahudumu wa afya, na nyumbani ni yule anayemuuguza mgonjwa. Inayofuata ni ile ya hospitali yenye tabaka tatu, upande wa rangi ukiwa nje na waya ukiwa juu ya pua. Ya kitambaa ni ya mwisho: iwe na tabaka tatu, la ndani la pamba, la kati la kitambaa kisichofumwa cha polipropilini, la nje lisilonyonya maji haraka.

Kuvaa: nawa, vuta ifunike kuanzia juu ya pua hadi chini ya kidevu, bonyeza waya kwa vidole vya mikono miwili (ukibana kwa vidole viwili tu, waya hujikunja katikati na kuacha mianya pembeni). Kisha funika barakoa kwa viganja na upumue nje kwa nguvu. Ukihisi hewa machoni au mashavuni, rekebisha. Miwani inayoingia ukungu inakuambia kitu hichohicho. Barakoa ya hospitali iliyo pana hubana vizuri ukifunga fundo kila kamba karibu na ukingo wake, kisha ukakunja kwa ndani kitambaa kinachobaki.

Yanayoharibu:

- Ndevu chini ya ukingo wa N95. Haishiki ngozi, basi.
- Vali ya kutolea pumzi. Inamkinga mvaaji, lakini pumzi yake hutoka bila kuchujwa. Mgonjwa asivae hiyo.
- Kuifua N95 au kuipulizia spiriti. Nyuzi zake zina chaji ya umeme tuli inayonasa chembe, na spiriti huiondoa chaji hiyo. Kwa macho itaonekana nzima ilhali imekufa. Ikibidi kuirudia, iweke katika mfuko wa karatasi ulioandikwa siku, na utumie nyingine siku zinazofuata, hadi mikanda ilegee au ichafuke.
- Kuivaa ikiwa imelowa, kuishusha kidevuni ukiongea, au kuivua ili kupiga chafya.

Mtoto chini ya miaka 2 asivalishwe kabisa, wala mtu asiyeweza kuivua mwenyewe. Hao wanalindwa kwa hewa na kwa wanaowazunguka kujikinga.

Hatua ya 3: Mikono

Virusi vya korona na vya mafua vina utando wa mafuta, na sabuni ya aina yoyote huuvunja utando huo. Haihitajiki sabuni maalumu ya kuua vijidudu. Kinachohitajika ni sekunde 20 za kusugua kabla ya kusuuza: viganja, migongo ya mikono, kati ya vidole, dole gumba kwa kulizungusha, na ncha za vidole zikisuguliwa katika kiganja. Dole gumba na ncha ndizo husahaulika, nazo ndizo zinazogusa macho na pua. Maji baridi yanatosha. Pasipo na bomba, mtu mmoja ammiminie mwenzake kutoka kwenye jagi. Kunawa wote katika beseni moja huhamisha uchafu wa mmoja kwa mwingine.

Kitakasa mikono ni cha njiani. Kiwe na alkoholi asilimia 60 au zaidi, na mikono ibaki imelowa kwa sekunde 20 hadi 30. Kikikauka baada ya sekunde 10, ulitia kidogo. Spiriti ya asilimia 99 si bora kuliko ya 70: maji kidogo yanahitajika ili kuharibu protini za virusi, na huzuia alkoholi isiruke mapema. Mikono yenye tope au mafuta haitakasiki kwa spiriti. Na ugonjwa ukiwa wa kutapika na kuhara unaoletwa na virusi visivyo na utando wa mafuta, kama norovirusi, rudi kwenye sabuni na maji.

Vitakasa vikiadimika, kanuni ya Shirika la Afya Duniani kwa lita 1 ni: ethanoli ya asilimia 96 mililita 833, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 42, glisirini ya asilimia 98 mililita 15, kisha ongeza maji yaliyochemshwa yakapoa hadi ifike lita 1 kamili. Funika, tikisa, acha saa 72 kabla ya kutumia, kwa kuwa peroksaidi inahitaji muda huo kuua mbegu za bakteria zilizokuwa ndani ya chupa. Kazi hii inafaa duka la dawa au maabara kuliko jikoni, kwa sababu mbili. Mvuke wa ethanoli hushika moto haraka. Na spiriti usiyojua ilikotoka inaweza kuwa na methanoli, ambayo hupofusha na kuua. Vinywaji vikali vya kawaida havifai mbadala: vingi vina alkoholi ya asilimia 40 tu.

Hatua ya 4: Klorini, kwa kipimo

Sehemu zinazoguswa na wengi (vitasa, swichi, bomba, simu) zisafishwe mara moja kwa siku, na choo kila baada ya mgonjwa kukitumia. Hapo inatosha. Kwa siku za kawaida, nyumba isiyo na mgonjwa haihitaji zaidi ya sabuni.

Soma asilimia kwenye chupa ya dawa ya klorini. Kanuni ya kuchanganya: gawanya asilimia ya chupa kwa asilimia unayotaka, toa 1, jibu ni sehemu za maji kwa sehemu moja ya dawa. Kwa sehemu za kawaida unataka 0.1. Chupa ya asilimia 5 ni sehemu 1 kwa 49, yaani mililita 20 za dawa na 980 za maji. Chupa ya asilimia 3.5 ni 1 kwa 34. Kwa damu au matapishi unataka 0.5: chupa ya asilimia 5 ni 1 kwa 9.

Ondoa uchafu kwanza kwa sabuni na usuuze, maana uchafu huila klorini kabla haijafika kwenye virusi. Paka, acha ibaki imelowa dakika 10, kisha futa kwa maji. Tumia maji baridi, fungua dirisha, vaa glavu, changanya mpya kila siku na uiweke kivulini. Usiichanganye kamwe na siki, dawa ya choo yenye asidi, amonia wala spiriti: hutoa gesi na sumu zinazoweza kukulaza hospitali kwa mapafu, ugonjwa wenyewe hujaupata.

Kumpulizia mtu dawa mwilini hakusaidii chochote. Kunaumiza macho, ngozi na njia ya hewa, na virusi vilivyo ndani ya mwili haviguswi.

Hatua ya 5: Manunuzi

Rafu hubaki tupu hata pasipo walanguzi. Duka huagiza bidhaa kwa kukadiria mauzo ya kawaida. Kila mnunuzi akiongeza pakiti moja tu siku hiyohiyo, shehena ya wiki huisha kwa siku moja, na picha ya rafu tupu huwaleta wengine mbio. Mwaka 2020 karatasi za chooni ziliisha katika nchi nyingi kwa njia hii, ingawa hakuna aliyeanza kwenda chooni mara mbili zaidi.

Lengeni akiba ya wiki 2, ijengwe kidogokidogo kwa kuongeza kitu kimoja au viwili kila safari, kwa vile mnavyovitumia siku zote. Kinachotangulia ni dawa za mwenye ugonjwa wa kudumu: hizo ziwe za siku 30, pamoja na nakala ya cheti cha daktari. Kisha kipimajoto, parasetamoli, sabuni, chakula kikavu, na pedi au nepi kwa wanaohitaji.

Hatua ya 6: Kumuuguza mtu nyumbani

Mwenye homa, kikohozi au koo linalouma ahesabiwe mgonjwa siku hiyohiyo, bila kusubiri majibu. Korona iliambukiza tangu siku mbili hivi kabla ya dalili, kwa hiyo waliokaa naye karibu nao wabaki nyumbani kwa muda uliotangazwa na mamlaka ya afya.

Chumba chake kiwe chenye dirisha. Mlango ufungwe, dirisha liwe wazi, na kama kuna feni, isukume hewa itoke nje. Kosa la kawaida ni kufungua mlango wa ndani ili “apate hewa”: upepo wa dirishani huisukuma pumzi yake sebuleni. Chakula kiachwe mlangoni. Mwuguzi akiingia, wote wawili wavae barakoa, na akae muda mfupi. Vyombo vyake vioshwe kwa sabuni na maji ya moto kama vyombo vingine; havihitaji kutupwa. Nguo zisikung'utwe. Pakiwa na chumba kimoja tu, mlazeni mbali kadiri inavyowezekana, kichwa kikielekea dirishani upande hewa inakopita kwenda nje, wengine walale upande inakoingilia.

Anywe maji mara kwa mara. Kama anahara au kutapika na hakuna pakiti za kurudisha maji mwilini, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Chumvi ikizidi inadhuru, hasa watoto. Parasetamoli kwa mtu mzima ni miligramu 500 hadi 1,000 kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi miligramu 4,000 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya 500. Wengi huzidisha bila kujua kwa kumeza pia dawa ya mafua yenye parasetamoli ndani yake. Mtoto asipewe aspirini. Antibayotiki haziui virusi. Kujifukiza kwa maji yanayochemka hakuui virusi pia, na kumeunguza watu wengi, watoto wakiwa wengi miongoni mwao.

Mkiwa na oksimita (kifaa cha kubana kidoleni kinachopima asilimia ya oksijeni katika damu): apumzike dakika 5, mikono iwe ya joto, kucha bila rangi, kidole kisitikisike, mngoje namba itulie. Andikeni asubuhi na jioni. 95 na kuendelea ni sawa. Kati ya 90 na 94, mpigieni mhudumu wa afya siku hiyohiyo. Chini ya 90, hospitali mara moja. Kifaa hiki mara nyingine husoma juu kuliko hali halisi kwa wenye ngozi nyeusi, kwa hiyo angalieni namba inavyoshuka siku hadi siku, si ya leo peke yake. Wanaoishi nyanda za juu sana huwa na namba ya chini kiasili. Pimeni wazima mjue kiwango chenu.

Bila kujali kifaa, ondokeni naye ikiwa anahema akiwa ametulia au hawezi kumaliza sentensi, ana maumivu au mgandamizo wa kifua usioisha, amechanganyikiwa au ni vigumu kumwamsha, au midomo, ulimi na kucha vinageuka bluu au kijivu. Mtoto anayekataa kunyonya au anayevuta mbavu ndani akipumua ni wa dharura vilevile. Pigeni simu kabla ya kufika ili mpokelewe mahali pake, na safarini vioo vya gari viwe wazi.

Hatua ya 7: Habari kabla ya kuzituma

Jiulize: nani aliyesema, kwa jina na cheo, ni ya lini, na je, inamwambia mtu ameze kitu? Hiyo ya tatu ndiyo inayoua. Mwaka 2020 nchini Iran mamia ya watu walikufa kwa methanoli, wengi wakiwa wamesikia kwamba kunywa pombe kunatibu korona. Ujumbe unaoagiza kumeza, kujipaka au kuacha dawa za kila siku usitumwe kwa mtu hadi mhudumu wa afya authibitishe. Ushauri rasmi nao utabadilika kadiri utafiti unavyoendelea, kwa hiyo chagueni chanzo kimoja rasmi, mkisome mara moja asubuhi na mara moja jioni, na mwangalie tarehe.

Usitaje jina la jirani aliyeugua katika kundi lolote. Mtu anayeogopa kutangazwa huficha homa yake, huchelewa kupimwa, na huendelea kukutana na watu. Mpelekee maji na chakula mlangoni, mpigie simu, na mwulize namba yake ya oksimita ya leo.

Mgonjwa anapotoka chumbani

Kupata nafuu si kipimo cha kutosha. Hesabu siku za kujitenga kuanzia siku ya dalili za kwanza kwa idadi iliyotangazwa na mamlaka ya afya kwa virusi hivyo, na homa iwe imekwisha kwa saa 24 au zaidi bila dawa ya kuishusha. Siku hiyo fungua chumba wazi saa kadhaa, fua matandiko kwa sabuni na maji ya moto, futa vitasa na meza kwa klorini ya 0.1, na anika godoro juani. Mwuguzi aendelee kujiangalia dalili kwa siku 14 tangu mara ya mwisho alipokaa na mgonjwa kabla hajapona, hata kama hasikii chochote.